Mwarobaini wa Jirani Unapoziba Jua la Bustani Yako

Mwarobaini hukua upesi, na katika mitaa ya Tanga kama Makorora na Ngamiani, ambako nyua zimebanana, mche uliopandwa kwa nia njema huweza kuifunika bustani ya nyumba ya pili kabla mwenye mti hajatambua. Kabla ya kubisha hodi kwake, chunguza kivuli chenyewe. Chomeka vijiti kwenye ukingo wake saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kisha urudie kazi hiyo msimu mwingine, kwa kuwa Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua la mchana huelemea kaskazini wakati wa kusi, likahamia kusini wakati wa kaskazi. Mti wa meta 10 ulio kaskazini mwa matuta yako utayatupia kivuli cha meta 5 na ziada adhuhuri ya mwezi Juni, ilhali mwezi Desemba kivuli hicho humwangukia mwenyewe. Mti ulio mashariki hula jua la asubuhi mwaka mzima.

Nenda mwenyewe jioni, wala usitume mtoto. Mkishajuliana hali, mwombe jirani aje avione vijiti. Nasisitiza kwamba uombe matawi, usiombe mti, kwani huenda chini ya mwarobaini huo ndipo wazee wa nyumba hiyo wanapopumzikia mchana, na majani yake ndiyo dawa yao. Ahidi kumlipa mkataji, na kuni zibaki kwake.

Kazi ifanywe wakati wa kiangazi, na kwa mara moja msiondoe zaidi ya robo ya matawi yote. Yaondolewe yanayoelemea kwako, na yaliyosongamana katikati yapunguzwe ili mwanga upenye. Msikate kilele: mwarobaini uliokatwa kichwa huchipua vitawi vingi dhaifu, na kivuli hurudi kizito kuliko cha awali. Tawi nene likatwe kwanza kidogo upande wa chini, ndipo likatwe juu, lisije likachana gome la shina linapoanguka. Lililo karibu na nyaya za umeme lisiguswe kabla ya kuwaita TANESCO.

Jirani akikataa, mpelekee balozi wa nyumba kumi shauri hilo, kisha mwenyekiti wa mtaa. Mkibishania mpaka, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kubandua gome usiku au kumwagia shina maji ya chumvi ni kuharibu mali ya mtu, na hakufai kabisa.

Wakati mnasubiriana, nyanya na bamia zihamishie penye jua, na palipo na kivuli chepesi upande tangawizi na manjano, ambazo huvumilia kivuli cha namna hiyo.