Mnyama Aliyegongwa Barabarani: Ya Kuzingatia Kabla ya Kushika Kisu

Ulimwona akigongwa? Kama hukuona, mwache, usimchukue kwa nyama. Huwezi kujua amelala hapo tangu saa ngapi, wala kilichomfanya asikwepe gari. Kichaa cha mbwa humwondolea mnyama woga, na sumu humlegeza miguu kabla hajafika lami.

Hata kama ulimwona, mtazame kwanza ukiwa umesimama kando. Damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa yaweza kuwa ya kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata binadamu. Hapo usiguse, usipasue. Mzoga wa kimeta ukifunguliwa, vimelea vyake hujifunga kwenye ganda gumu na kudumu ardhini miaka mingi. Wajulishe wataalamu wa mifugo.

Kisha jicho. La mnyama aliyekufa punde limejaa na linang'aa. Likishazama na kuota utando kama ukungu, muda umepita. Gusa tumbo kwa kijiti: likiwa limekaza kama ngoma, gesi imeshajaa ndani. Na gari haliui kama kisu. Pigo hupasua utumbo, kinyesi na nyongo vikaenea kwenye nyama, huku ngozi kwa nje haina hata mchubuko. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria hustawi, na katika joto zuri wengine huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Kwenye lami ya mchana, hesabu hiyo inakimbia.

Wengi hujipa moyo kwamba moto unaua kila kitu. Si kweli, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Joto la nyuzi 74 katikati ya pande la nyama humaliza bakteria wa salmonela, na pia minyoo ya trikinela inayojificha kwenye misuli ya nguruwe pori. Kuikausha au kuipaka chumvi hakutoshi kwa minyoo hiyo. Lakini sumu ambayo bakteria wa stafilokoka wameshaiacha ndani ya nyama huvumilia hata kuchemshwa. Utaipika ikaiva vizuri kabisa, na bado ikakutapisha usiku.

Tena anayechuna huweza kuugua kabla ya mlaji. Mfupa uliovunjika una ncha kali, hutoboa glavu na kidole pamoja. Tularemia, ugonjwa wa bakteria wanaobebwa na sungura, huingia kwa mkwaruzo mdogo tu. Kupe nao huacha mwili unaopoa na kutafuta wenye joto, yaani wako.

Sheria za wanyamapori hutofautiana, uliza kabla hujabeba.

Mate ya mnyama yakiingia kwenye jeraha, osha kwa maji na sabuni dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na ukipata homa, au kidonda kisichouma chenye kitovu cheusi, neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba ulishika mzoga.