Kula Mombasa: usiulize wapi, uliza saa ngapi

Kila wikendi ndefu lazima kuna mtu ananitumia ujumbe, "kaka nashuka Mombasa, nikule wapi?", nikimuuliza unafika saa ngapi anadhani namzungusha. Simzungushi wallahi. Chakula cha huu mji kina saa zake, mbaazi zina saa yake, kahawa ina saa yake, mihogo pia, na ukikosea saa utazunguka Mji wa Kale mzima ukiona milango imefungwa na paka wamelala barazani, alafu urudi bara uwaambie watu ati chakula cha Mombasa ni cha kawaida tu. Kwa hiyo nakupangia kwa saa.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu hivi, usipitishe hapo. Ingia Kibokoni au Kuze au hata Bondeni, na usitafute bango manake hakuna, tafuta karai. Ukiona mama amekaa na karai la mafuta, pembeni sufuria imefunikwa, na watoto wamesimama na bakuli walizotumwa nazo kutoka nyumbani, bas umefika, watu wa mtaa hawatumi bakuli mahali pabaya. Hamri zuri ukilipasua ndani liko wazi kama mfuko na linanukia iliki, likiwa limejaa unga mpaka katikati hilo ni andazi la stejini limejipa jina. Mbaazi nazo tazama tui: zinapikwa na tui jepesi alafu zinamaliziwa na lile la kwanza, zito, ndo maana zinashika kwenye hamri. Ukiona zinaelea kwenye maji meupe ujue mtu amebania nazi. Unamega, unachota, kijiko hakina kazi hapo.

Binamu yangu alikuja na mkewe mwaka jana, nikawaambia amkeni mapema, wakalala mpaka saa nne wakasema si chakula kipo tu. Wamefika kwa yule mama wanamkuta anaosha sufuria. Akawatazama, akamwambia binamu "mwanangu, hata mimi mwenyewe sikubakisha". Wakanywa chai ya mkandaa na mkate wa duka.

Na kabla hujauliza bei, salimia. Mtu mzima mwambie shikamoo, au sabalkheri, au assalam aleikum kama ni salamu yako, uulizwe habari, ujibu, ndo uulize mahamri ni ngapi. Wageni wengi wanafika na "mbaazi bei gani" moja kwa moja, wanahudumiwa ndio lakini wanahudumiwa kama wageni.

Saa nne mpaka saa sita mji hauli sana, kwa hiyo tembea. Pita Marikiti pale Digo Road, sehemu ya viungo, nunua iliki na mdalasini na pilipili manga, nusa kabla ya kupimiwa. Jua likikushika tafuta mkokoteni wa madafu, na hapa kuna kitu cha kujua. Nazi inaanza kidaka, inakuwa kitale, alafu dafu, alafu koroma, mwisho nazi yenyewe. Unachotaka ni dafu, lakini hata dafu zinatofautiana, kuna la maji matupu na kuna lenye nyama laini ndani, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema unataka la maji au la kula. Ukitaka la kula, ukimaliza kunywa mrudishie alipasue, atakukatia kipande cha ganda lenyewe ukitumie kama kijiko. Usikubali koroma. Ukinywa ukasikia maji yamepoteza utamu na nyama imekuwa ngumu, huyo amekupa koroma la watalii.

Mchana ni wali wa nazi na samaki, na samaki ana kalenda. Upepo wa kusi ukivuma, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, bahari inachafuka, ngalawa ndogo hazitoki kila siku, samaki anakuwa haba na bei inapanda. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka maji yanatulia na samaki anamwagika. Kwa hiyo ukija mwezi wa saba ukaambiwa changu hakuna leo, usinune, huyo mwenye hoteli amekwambia ukweli, mwogope yule ambaye kila siku anaye, manake wa kwake anatoka friji. Kinachoagizwa ni samaki wa kupaka, anachomwa kwenye makaa huku anapakwa tui lenye ukwaju au ndimu, pilipili, saumu na bizari, mpaka rojo lake linakauka juu ya ngozi. Changu ndo wa kawaida, tewa akipatikana usimwache, tafi ni mtamu kuliko wote kwa maoni yangu ila ana miba, ukiwa na simu mkono mmoja utajuta. Kaa upande wa Forodhani, karibu na bandari ya zamani, pale unakula unatazama maji. Meli kubwa siku hizi zote ziko Kilindini ng'ambo ya pili ya kisiwa, huku kwa zamani kumebaki majahazi machache na watoto wanaoruka majini.

Ijumaa ni kitu kingine kabisa. Ijumaa ni pilau au biriani, baada ya swala, na ukifika hoteli yoyote ya maana saa saba na nusu utapanga foleni na wanaume wa kanzu wenye njaa, hapo heshima inabaki msikitini. Biriani ya hapa haichanganywi, usije ukasema umepewa wali mtupu: wali uko kivyake na rangi yake, na masala ya nyama yako kivyake, unachanganya mwenyewe kwenye sahani kwa kiasi chako. Omba rojo la ziada, sio aibu. Omba kachumbari, ndimu, na pilipili ya kusaga kwenye kisahani, na kama wana achari ya embe weka pia. Ukibahatika kualikwa nyumba ya mtu siku ya Ijumaa acha hoteli zote, nenda. Utakula sinia moja na wenzako, kwa mkono wa kulia, unakula upande wako wa mbele, usivuke kwenda kumtafutia mwenzako nyama.

Saa kumi, watu wakitoka Alasiri, ndo kahawa. Sio kapuchino, hiyo ukiitaka ipo, Jahazi Coffee House pale Ndia Kuu watakukalisha kwenye mito na miguu juu na ni pahali pazuri pa kupumzika na jua. Mi nasema kahawa tungu. Utasikia kabla hujaona, muuzaji anagonganisha vikombe vidogo, mkono wa pili amebeba dele, birika la kahawa, lenye makaa chini yake. Kahawa nyeusi, haina sukari, utamu unatoka kwenye kashata au tende au kipande cha haluwa, unatafuna kidogo unapiga funda. Bado ni pesa ya sarafu. Kunywa viwili vitatu, rudisha kikombe, na usikae barazani na simu, pale watu wanazungumza siasa na mpira na nani ameoa wapi, ukinyamaza tu ukasikiliza utapata habari ya mji kuliko gazeti. Haya mambo ya kahawa na haluwa yaliletwa na majahazi ya Oman na Hadhramaut yakishuka na kaskazi, yakisubiri kusi yarudi, na miezi hiyo ya kusubiri watu walikuwa lazima wale kitu.

Saa kumi na moja jioni twende Lighthouse, yaani Mama Ngina Drive, ile njia ya baharini yenye mibuyu, waliitengeneza upya 2019. Hapa ndo Mombasa nzima inakuja kupunga upepo, hasa Jumapili, familia kwenye gari, buibui, watoto na baiskeli, na meli za kontena zinapita karibu sana kuingia Kilindini mpaka unasoma jina ubavuni. Chakula cha hapa ni mhogo. Wa kuchoma unapasuliwa katikati unapakwa pilipili na chumvi na ndimu, na kuna krispi za mhogo zinakaangwa hapo hapo kwenye makarai, chukua za moto, zile zilizofungwa kwenye mfuko tangu mchana waachie wengine. Ongeza mabuyu mekundu na embe mbichi ya pilipili kama tumbo lako ni la chuma. Mhogo na pilipili vyote asili yake ni Amerika, vililetwa huku na Wareno, hao hao walioanza kujenga Ngome, yaani Fort Jesus, 1593, Waomani wakawafurusha 1698, na hakuna aliyekumbuka kuwashukuru kwa mhogo.

Viazi karai pia ni vya saa hizi mpaka usiku. Kiazi kimechemshwa, kikachovywa kwenye unga wenye rangi ya manjano, kikakaangwa. Kinapasuliwa kinatiwa chatne ya ukwaju. Pale unapoona vinatoka karaini na kuisha kabla havijapoa, simama hapo.

Usiku ni makaa. Mshikaki unaufuata kwa moshi tu, maeneo ya Mwembe Tayari na Makadara kuna majiko mpaka usiku mwingi. Tarboush iko hapo Makadara Road, kuku wa tikka na naan na glasi ya juisi ya ukwaju, kunajaa, kuna kelele, unaweza kukaa meza moja na watu usiowajua na hakuna anayeona ajabu. Kama uko na watoto au mzee ambaye hataki moshi, Blue Room pale Haile Selassie wako tangu 1952, sambusa na aiskrimu, watu wazima wa huu mji wengi walipelekwa pale na baba zao. Na ukiwa na sherehe ya kweli, mahari imekubaliwa au bosi amelipa deni, vuka daraja uende Tamarind kule Nyali, unakula kamba ukitazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Ila beba pesa ya kweli kweli, tusidanganyane.

Supu ya pweza utaiona kwenye meza ndogo barabarani, mtu ana sufuria na kisu, anakukatia vipande anakumiminia supu kwenye kikombe. Pweza wengi wanapatikana siku za bamvua, maji yakitoka mbali na watu wakitembea mwambani, kwa hiyo ukitazama mwezi ukauona mpevu au umeandama juzi, hizo ndo siku zake. Wanaume wataambiwa inaongeza nguvu. Wanaosema hivo ni wauzaji.

Sasa pombe. Mji wa Kale usitafute na usiulize, utawaaibisha watu bure. Baa ziko Moi Avenue, Nyali na Bamburi, na wasiolala wanavuka kwenda Mtwapa, ambayo hata si Mombasa, ni kaunti ya Kilifi, lakini watu wote wanaihesabu. Kitu cha hapa kwetu lakini ni mnazi, ile pombe ya kugema, na mnazi unanywewa mangweni, yaani kwenye vilabu vyake, Kisauni ndani ndani au upande wa Likoni. Tena ni saa: mgema akishusha asubuhi ni mtamu, unateremka kama juisi, na kadri jua linavopanda unachacha wenyewe, jioni ni mkali na umeshaanza uchungu. Mgeni aende asubuhi na aende na mwenyeji. Unanyonywa na mrija wenye kichujio, usione takataka juu ukashtuka. Na ile ya kwamba ni mtamu kwa hiyo haileweshi, muulize rafiki yangu aliyekosa feri tatu akiwa amekaa hapo hapo feri.

Kwa waendao Likoni, anayetembea kwa miguu halipi kwenye feri, kwa hiyo hata kama huna kazi ng'ambo, vuka jioni, nunua karanga na mahindi ya kuchoma stejini, urudi.

Ramadhani kalenda yote niliyokupa inageuka. Mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale zimefunga, na hata kama hufungi usile barabarani, tafadhali. Lakini kuanzia Alasiri mitaa inajaa meza: kaimati zinazong'aa shira, mkate wa sinia, mkate wa mayai, sambusa, katlesi, viazi vya nazi, tambi. Vyakula vingine miezi mingine huvioni mpaka harusi. Nunua saa kumi na moja, subiri adhana kama watu wote, na ukikaribishwa tende na mtu usiyemjua chukua. Mimi nikiambiwa nichague mwezi mmoja wa kula Mombasa nachagua huo, na haina mashindano.

Mambo madogo. Tembea na chenji, vibandani noti kubwa asubuhi ni ugomvi, M-Pesa wengi wanapokea lakini si mzee wa kahawa. Hoteli isiyo na menyu uliza bei kabla hujakaa, kuna pahali niliwahi kulipa samaki mmoja bei ya wawili kwa sababu niliingia na jamaa mwenye kamera shingoni na mimi nikajifanya naona haya kuuliza.

Siku ya kuondoka chukua haluwa, omba kuonja kwanza, nzuri inanukia iliki na samli na inavutika kidogo ukiikata, inakaa siku kadhaa bila friji. Achari ya embe nayo nunua, ila ifunge mifuko miwili na uibebe mkononi. Mi niliweka kwenye begi la nguo, nikaingia kazini Jumatatu nanukia embe na pilipili.