Kufundisha gitaa Lubumbashi: anza kabla muziki haujakukataa

Vijana wanaopita kwangu, mtaa wa Katuba, na gitaa mgongoni huwa na hesabu moja: nitapiga muziki kwanza, ukikataa nitafundisha. Mimi huwaambia waigeuze hesabu hiyo. Anayeanza kufundisha baada ya muziki kumshinda huja na njaa na kinyongo. Mtoto humsikia, na mzazi haraka sana huanza kutafuta mwalimu mwingine. Wazee wetu hawakungoja. Joseph Kiwele alitunga misa na kufundisha muziki hapahapa, enzi mji ukiitwa Élisabethville.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiwa bado na harusi za kupiga, tafuta mwanafunzi mmoja. Mtoto wa jirani au wa korali anatosha. Alipe, hata kama ni kidogo, maana mwanafunzi wa bure huja anapotaka. Pesa ipokee mwanzo wa mwezi, na mkubaliane mapema kama ni franga au dola, ili kiwango cha soko kisije kuwagombanisha. Mwambie mzazi waziwazi: "Papa, mtoto asipokuja, saa yake imekwenda. Mimi nisipokuja, nina deni lenu." Deni hilo ulilipe wiki hiyohiyo.

Jumamosi usiiguse, ni ya harusi, na Jumapili ni ya kanisa. Matanga hayana ratiba, mtu akifiwa utaitwa. Chukua Jumanne na Jumatano baada ya shule. Anza na gitaa la kawaida lisilohitaji umeme. Wa kinanda watakuuliza kila siku SNEL, shirika la umeme, imerudisha umeme au la.

Sasa somo lenyewe. Mtindo wa magitaa wa Katanga ni wa vidole viwili, gumba na shahada: gumba linashika besi, shahada inaimba. Wengi humpa mtoto vyote viwili siku ya kwanza, na mtoto anachanganyikiwa. Wewe mpe gumba peke yake. Ashike akodi ya do (C), gumba lipige waya wa tano, kisha wa nne, tano, nne, polepole. Nyaya za chuma zikimkata vidole, legeza zote kwa nusu toni au toni nzima, ataumia kidogo tu. Gumba likianza kutembea bila kusita, mwulize amekula nini leo. Gumba likisimama anapojibu, bado. Akiweza kukusimulia habari za sombe na bukari huku besi haijayumba, mruhusu aongeze shahada, noti moja moja. Mkifika kwenye akodi ya fa (F), sikiliza vizuri, kwa sababu hapo ndipo wengi hukimbiza mdundo, na huenda ukasikia kwamba hata gumba lako linakimbia. Faida hiyo mzazi haikulipi, lakini utaiona jukwaani.

Ualimu wa shuleni ni jambo jingine. Shule ya msingi inataka angalau D6, diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Ukitaka sekondari, pita kwanza ISP, chuo cha juu cha ualimu. Ni ufundi kamili, una ratiba ya prefe (mkuu wa shule), madaftari ya kusahihisha na mishahara ambayo mara nyingi huchelewa. Anayeingia huko akidhani mchana wake utabaki wa repetisio, yaani mazoezi ya bendi, atawaonea watoto wa watu. Kama unawapenda, nenda, tena kwa moyo wote.

Na kama huwezi kusikia mtoto akikosea sehemu ileile mara ishirini bila kupandisha sauti, usifundishe kabisa. Tafuta kazi nyingine: kuchomelea, kutengeneza spika, ofisi. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, alifanya na kazi za ofisini, na gitaa lake lilisikika hadi Nairobi.

Mwanafunzi wako akishashika vizuri, usimfungie nyumbani kwa kuogopa atakupita. Mchukue kwenye harusi ndogo, mpe gitaa la akompa, la kusindikiza, wewe upige solo. Kabla hamjatoka uwanjani, gawanya pesa mbele ya bendi nzima, na fungu lake mpe mkononi mwake mwenyewe.