Kabla hujatega atomi za aina mbili pamoja

Mvuvi wa Nungwi akizamisha dema, changu na tasi huingia humo pamoja. Atomi, zinazotegwa kwa mwanga wa leza ndani ya chombo kisicho na hewa, hazitegwi hivyo. Kila aina huitika mwanga wake tu: rubidiamu ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, potasiamu 767, lithiamu 671, sesiamu 852. Basi kabla ya kununua leza hata moja, amua nani atakaa na nani. Rubidiamu na potasiamu zinaelewana, kwani vioo vilevile vya kuelekeza mwanga huzitosha zote mbili. Lithiamu inataka tanuri la nyuzi mia kadhaa, na mvuke wake hula vioo vya madirisha ya chombo.

Anayeanza namshauri rubidiamu peke yake. Ile ya asili ina isotopu mbili, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, 85 (asilimia 72) na 87 (asilimia 28), kwa hiyo chupa moja inakupa aina mbili za kutega.

Tega kila aina peke yake kwanza, pima wingi wake, ndipo uwashe zote. Moja ikipungua mara tu nyingine inapoingia, usiilaumu leza. Atomi mbili zikigongana huku moja imeshameza mwanga, nishati ile huzirusha zote nje ya mtego. Sogeza mawingu yao yasilaliane, au jaza moja baada ya nyingine.

Hali ya hewa yetu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 28.5, kwa hiyo wakati wa kaskazi utaikuta majimaji ndani ya chupa kabla hujawasha chochote. Na diodi ya leza, kile kidude kinachotoa mwanga wenyewe, ukiipoza hadi nyuzi 20 kwenye fukuto la masika, inatoka jasho kama bilauri ya maji ya barafu. Nilifungua kisanduku cha leza asubuhi moja nikakuta matone yamejipanga juu ya lenzi, na miguu ya diodi imeshaanza kutu. Funga kisanduku kisipenye hewa, weka dawa ya kunyonya unyevu ndani, na usipoze kupita haja.

Betri nayo inunuliwe mapema, ya pampu inayotoa hewa chomboni kabla ya ile ya leza. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, ukarudi Machi 2010. Leza ikizimika utaiwasha tena. Ombwe, yaani ule utupu wa chombo, likiharibika, ni siku nyingi za kuoka chombo upya.

Miwani je? Nanomita 780 jicho huiona wekundu hafifu tu, hata ikiwa na nguvu ya kuunguza retina. Hakikisha miwani inazuia kila mwanga uliomo chumbani, si ule wa rubidiamu pekee.