Namna ya kudai chakula cha mchana cha watoto wadogo katika wadi yako

Waraka wetu wa kwanza ulifika katika ofisi moja ya serikali mwezi Mei, ukiwa na kurasa kumi na moja za sahihi za wakazi na aya ndefu kuhusu uchungu wa njaa. Karani aliyeupokea alikuwa mwungwana. Aliusoma wote akiwa amesimama, kisha akatuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amejiandaa kulijibu: mnaomba shilingi ngapi, na zitoke wapi? Makadirio ya bajeti yalikuwa yameshawasilishwa, na sisi tulikuwa tumefika wakati chungu kimeepuliwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya wakazi wa Nairobi, viwe vyama vya akiba, vikundi vya akina mama, vya vijana, vya kanisa au vya msikiti, ambavyo vingependa kufika mapema na hesabu mkononi.

Anzeni kwa kuchagua jambo moja. Kukomesha umaskini ni nia njema, lakini hakuna afisa anayeweza kuitia sahihi. Hapa nitatumia mfano wa chakula cha mchana cha watoto walio chini ya miaka sita katika chekechea za jamii na katika vituo vya kulelea watoto, vile ambavyo mitaani tunaviita bebikea. Sababu ya kuchagua mfano huo ni ya kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linasema kwamba elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali ya kaunti, sawa na masoko na zahanati, ilhali shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Hali kadhalika fedha za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi wanazopewa wazee waliotimiza miaka 70, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa, hutolewa na serikali ya kitaifa. Ukimpelekea mwakilishi wadi malalamiko ya Inua Jamii atakusikiliza kwa upole, na hakuna kitakachotendeka, kwa kuwa ufunguo wa sanduku hilo hana.

Msisahau kuutaja mpango wa chakula cha shuleni wa Dishi na County, ambao kaunti iliuanzisha mwaka 2023 na ambao mzazi huuchangia shilingi 5 kwa kila mlo. Mpango huo ulijengwa juu ya shule za umma, ilhali watoto wengi wa mitaa ya mabanda kama Mukuru, Mathare na Korogocho hulelewa na kusomeshwa katika vituo vilivyoanzishwa na wakazi wenyewe. Kuukiri mpango huo tangu mwanzo kuna faida: afisa hatatumia nusu saa akijitetea, na mazungumzo yataingia moja kwa moja katika swali la watoto ambao haujawafikia.

Kazi kubwa ni hesabu, na hapa ndipo ningewasihi mtumie muda wenu mwingi, hata wiki sita. Tembeeni wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika, na mwombe idhini ya mwenye kituo kabla ya kufungua daftari. Andikeni idadi ya watoto waliopo siku hiyo, kiasi ambacho mzazi hulipa kwa siku, na walichokula mchana wa jana. Nasisitiza neno jana. Mama akiulizwa familia yake hula nini kwa kawaida, heshima itamfanya ataje ugali na sukuma wiki. Akiulizwa mtoto alikula nini jana saa saba, atakumbuka kwamba alipata chai ya rangi na nusu ya mandazi asubuhi, kisha akalala mpaka jioni. Majibu hayo mawili hayalingani hata kidogo, na ni la pili ambalo litawasaidia.

Mtaona mambo ambayo hayamo katika maswali yenu, nayo yaandikeni. Katika kituo kimoja, chumba cha mabati kisichozidi hatua sita kwa nne, tulikuta mikebe ya plastiki imepangwa kwenye rafu, kila mmoja ukiwa na jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu nene. Ilipofika saa sita mwalimu aliifungua yote, akaitazama, akachukua kijiko na kuanza kuchota kidogo kutoka kwa kila mkebe uliojaa akitia katika ile iliyokuja mitupu. Hakusema neno, na watoto hawakushangaa, maana ndivyo inavyofanyika kila siku. Tuliandika idadi ya mikebe mitupu. Idadi hiyo, ikikusanywa kwa vituo vyote vya wadi kwa siku tano mfululizo, ni hoja ambayo mtu aliyeketi ofisini hawezi kuipinga kwa maneno matupu.

Kuhusu afya, msijifanye madaktari. Mwombeni mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu aje na utepe wake wa kupimia mkono. Kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 huangukia kwenye rangi nyekundu, nayo ni dalili ya utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni rangi ya manjano. Mtoto wa rangi nyekundu apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mambo ya waraka yasubiri. Katika daftari andikeni idadi peke yake, bila majina, na msimpige mtoto yeyote picha, hata kama mfadhili fulani ataahidi kwamba picha itafungua mifuko.

Ongezeni gharama ambazo watu wa mitaa mingine hawazioni. Maji ya kupikia ni mojawapo. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa kwa shilingi 10, mita moja ya ujazo, ambayo ni mitungi 50, inamgharimu mwenye kituo shilingi 500. Iwekeni hesabu hiyo kando ya ankara ya nyumba yenye mita katika mtaa wa jirani, na msomaji ataona mwenyewe nani anayelipa zaidi kwa maji ya mji mmoja. Katika Mukuru, hesabu za namna hii zilizofanywa na wakazi pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wao zilichangia kaunti kuitangaza Mukuru eneo maalumu la upangaji, yaani eneo linalotengenezewa mpango wake lenyewe, mwaka 2017.

Kisha fanyeni hesabu ya ombi lenyewe. Tuseme mmepata watoto 300, mlo mmoja unagharimu shilingi 40, na vituo hufunguliwa siku 180 kwa mwaka. Mnaomba shilingi 2,160,000. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka nyongeza yoyote ambayo Bunge la Kaunti litaitia katika makadirio ifidiwe kwa kupunguza mahali pengine, na kwa hiyo pendekezeni pa kupunguzia: safari, warsha za hotelini, viburudisho vya ofisi. Hapo ndipo mazungumzo huwa na joto, nami naona ni vizuri yawe nalo.

Waraka uwe wa ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje ombi na kiasi. Ya pili ieleze mlichohesabu na lini. Ya tatu itaje sheria: Ibara ya 43 ya Katiba inayompa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha cha ubora unaokubalika, Ibara ya 53 inayompa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kinachomruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Uelekezeni kwa Karani wa Bunge, na nakala kwa mwakilishi wadi na kwa afisi inayosimamia elimu ya chekechea. Pelekeni nakala mbili kwa kila ofisi na msiondoke kabla moja haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Waraka usio na muhuri hauna ushahidi kwamba ulifika, na mtaambiwa hivyo bila haya.

Sasa kuhusu kalenda, jambo ambalo lilituangusha sisi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti huwa imewasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaofuata. Mradi usiokuwamo humo huwa na safari ngumu. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa taarifa ya sera ya fedha, ambayo huiwekea kila idara kiwango chake cha juu, na Bunge hupewa siku 14 tu za kuijadili. Makadirio yenyewe hufika Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo hesabu ya vituo ifanywe Mei na Juni, waraka ufike Julai, mrudi nao Januari wakati maoni ya umma kuhusu sera ya fedha yanapokusanywa, na Mei muwe mnalinda tu kile kilichokwisha kuandikwa. Vikao vya maoni hutangazwa kwa muda mfupi, mara nyingine katika gazeti ambalo hakuna anayelinunua mtaani, na hivyo mpeni mtu mmoja wa kikundi jukumu la kumuuliza msimamizi wa wadi kila Jumatatu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mkinyimwa takwimu, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, halitozwi ada ya kuwasilishwa, na ofisi ina siku 21 za kutoa jibu. Siku hizo zikipita kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mnapokwenda kumwona mwakilishi wadi, nendeni watatu: mwenye kituo, mzazi, na mwenye daftari. Mzazi aseme kwanza. Ni kawaida, hasa msimu wa uchaguzi unapokaribia, kwamba mtapewa pakiti za unga za kwenda nazo nyumbani. Binafsi naona mzikatae kwa adabu, kwa sababu picha yenu mkizipokea itatumika kama jibu la waraka wenu.

Maandamano ni haki chini ya Ibara ya 37, yakiwa ya amani na bila silaha. Mkuu wa kituo cha polisi anapaswa kupewa notisi ya siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14. Nayo notisi ipigwe muhuri.

Fedha zikipitishwa, kazi hubadilika sura. Pateni nakala ya ukurasa wa bajeti wenye mstari wenu na muubandike ukutani katika kila kituo, mahali ambapo mzazi anayemchukua mtoto jioni atauona. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za robo mwaka kuhusu matumizi ya kaunti. Linganisheni kilichoandikwa humo na daftari lenu. Chini ya ukurasa ule wa ukutani choreni jedwali la siku tano, na mwalimu atie alama kila siku chakula kinapofika. Siku ambayo hakikufika, aandike alingoja mpaka saa ngapi na sababu aliyopewa, kwa maneno yale yale aliyoambiwa.