Boti ya Starehe Kanada: Kadi ya Mtu, Leseni ya Chombo

Ukinunua boti ya kuvulia samaki wikendi huko Ontario au jimbo jingine la Kanada, utahitaji hati mbili. Wengi huzichanganya kwa kuwa zote huitwa leseni, lakini moja ni ya mwendeshaji na nyingine ni ya chombo.

Anza na kadi ya mwendeshaji. Boti yoyote ya starehe yenye injini inaidai, hata mtumbwi uliofungwa kimota cha umeme. Wa kupiga kafi tu haudai. Soma kozi mtandaoni kwa mtoaji aliyeidhinishwa na Transport Canada (idara ya uchukuzi ya serikali kuu), kisha fanya mtihani wa maswali 50, upate angalau 38. Kadi haiishi muda. Ikipotea, nyingine hutolewa na aliyekupa kozi, kwa hiyo weka jina lake mahali.

Mtoto wa chini ya miaka 12 akiwa peke yake haruhusiwi kuzidi nguvu 10 za farasi. Wa 12 hadi 15, nguvu 40. Jeti ski (pikipiki ya majini) ni kuanzia miaka 16, hata baba akikaa nyuma yake.

Leseni ya chombo huanzia nguvu 10 za farasi. Mashine ya 9.9 imeponea chupuchupu! Namba huandikwa pande zote mbili za omo (sehemu ya mbele ya chombo), herufi zisipungue sentimita 7.5, kwa rangi inayoonekana mbali: bluu juu ya boti nyeusi itakuletea faini. Boti iliyokwisha tumika huja na leseni ya mwenyewe wa zamani. Omba uhamisho mara moja, na tembea na hati ya mauzo yenye jina lako na tarehe.

Kwa boti isiyozidi mita 6, beba jaketi la kujiokolea linalomtosha kila mtu (lebo ya idhini ikichanika, halihesabiki), kamba ya kurushia inayoelea ya mita 15, filimbi, tochi isiyoingia maji, na kafi au nanga. Tangi la mafuta likiwa la kudumu, ongeza mtungi wa kuzimia moto wa daraja 5BC.

Upo, yaani chombo cha kukumbia maji yaliyoingia botini, pia unatakiwa, lakini usiununue. Kata kitako cha dumu la plastiki lenye mkono, ujazo usipungue mililita 750 na mdomo sentimita za mraba 65. Kifuniko kiache kimefungwa, kisha ufunge dumu kwa kamba kwenye benchi, maana boti ikijaa maji ndicho kitu cha kwanza kuelea na kuondoka.