Impakti ya betri: jinsi ya kuitumia na kuitunza bila kuharibu skrubu za watu

Mi ni fundi wa kupaua, impakti ya volti 18, yaani mashine ya kukazia skrubu inayozungusha huku inapiga, ndo inanilisha, na kila nikienda saiti nakuta kijana kanunua ya kwake mpya anaitumia kama drili tu, wiki mbili biti (zile ncha zinazoingia kwenye kichwa cha skrubu) zimeisha meno, skrubu zimekatika vichwa, anasema mashine feki. Mashine haina shida, tatizo ni mkono.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Drili inazungusha tu, skrubu ikigoma inakuzungusha na wewe mpaka kiwiko kinalia. Impakti ndani ina nyundo na springi, skrubu ikianza kugoma ile nyundo inarudi nyuma kidogo halafu inapiga kwa kuzunguka, mashine nyingi zinapiga zaidi ya mara 3000 kwa dakika, ndo ule mlio wa ta-ta-ta-ta unaosikia. Kwa hiyo nguvu inaishia kwenye skrubu, mkono wako unasalimika. Masikio ndo hayasalimiki, vaa vizibo, na miwani pia.

(Halafu ile 18 na 20 isikuchanganye dukani. Betri ina seli 5 zimeunganishwa mstari mmoja, kila moja volti 3.6, jumla 18, ikitoka tu kwenye chaja inasoma kama 20. Ni kitu kilekile, usiongezewe bei kwa hilo.)

Hatua ya 1, biti. Toa betri kwanza, vuta kola (ile pete ya mbele inayoshika biti) mbele, ingiza biti ya robo inchi yenye pembe sita, achia kola halafu ivute biti uone imeshika. Nunua biti zilizoandikwa kabisa ni za impakti maana zinanyumbuka kidogo zikipigwa, zile za kawaida zinavunjika kama kijiti. Soketi zinazong'aa za gereji ndo kabisaa usiweke, zinaweza kupasuka. Na angalia kichwa cha skrubu: ukiona msalaba na vimistari vinne vidogo katikati, hiyo inataka biti iliyoandikwa PZ2, sio PH2 ya msalaba mtupu, ukichanganya biti inarukaruka inakula kichwa.

Hatua ya 2, mkao. Mashine na skrubu ziwe mstari mmoja, sukuma kwa kiganja nyuma ya mashine, anza taratibu mpaka ncha ishike ndo uongeze. Ikianza kupiga usiiache, endelea kuisukuma, ukilegeza hapo biti inatoka.

Hatua ya 3, kuachia, na hapa ndo wengi wanafeli. Kwenye bati tunatumia soketi ya milimita 8 na skrubu yenye washa ya mpira, ile washa inatakiwa ikae, ibanwe kidogo tu, ukiona mpira umetokeza kidogo kuzunguka washa ya chuma inatosha, achia. Ukiendelea sekunde moja tu mpira unachanika au bati linabonyea na maji yanakaa pale. Nyumba moja niliwahi kupaua kwa haraka, kiangazi kizima kimya, masika yalipoanza mteja kanipigia saa kumi na moja alfajiri ana ndoo nne sebuleni. Nilipanda nikabadilisha skrubu za upande mzima kwa hela yangu. Siku hizi nikikaribia mwisho nabonyeza kidogokidogo, ta, ta, naangalia, basi.

Mbao ngumu kama mninga, toboa shimo dogo kwanza kwa drili, la sivyo papi (ule ubao wa kushikia bati) inapasuka au skrubu inakatikia ndani. Jipsam mi situmii impakti, inazamisha kichwa mpaka karatasi inachanika. Nati za tairi inaweza kufungua ila kukaza kwa mwisho tumia spana ya torki, impakti haikwambii imekaza kiasi gani.

Utunzaji sasa. Adui mkubwa wa betri ni joto. Usiiache juu ya bati saa saba mchana wala ndani ya gari lililofungwa, na ikitoka kazini ya moto usiichomeke kwenye chaja, iweke kivulini ipoe kwanza. Ukiona mashine imeanza kulegea chaji, usiikamue mpaka izime. Ukienda kijijini mwezi mzima iache na chaji nusu, itoe kwenye mashine.

Kila jioni puliza vumbi kwenye matundu ya hewa, futa vyuma vya betri kwa kitambaa kikavu, tone moja la oili kwenye kola, usimwage oili kwenye mota. Kama yako ina brashi za kaboni (vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota), ukiona cheche nyingi na inakatakata badilisha zote mbili pamoja, ni bei ndogo. Mlio ukigeuka kuwa wa chuma kwa chuma, mkavumkavu, ujue grisi ya pale kwenye nyundo imeisha, hapo mpelekee fundi anayezifungua kila siku, maana ile springi ukifungua vibaya inaruka na vile vigololi vya ndani utavitafuta mchangani mpaka magharibi.